Mgeni ameketi kando yako, usimngoje pasta

Jumapili iliyopita kuna mtu aliingia kanisani kwenu akaketi safu ya nyuma, karibu na mlango. Ulimwona. Pengine hata ulimsogezea kiti cha plastiki, na mlipoambiwa "msalimie jirani yako" mkapeana mikono. Ibada ikaisha, ukakimbilia chai na wenzako, naye akatoka. Swali langu kwako ni moja tu: anaitwa nani?

Nauliza kwa sababu niliwahi kuwa huyo mtu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni karo ilinishinda, nikaacha masomo. Nikahamia chumba kimoja huko Pipeline, simjui mtu, na naona haya hata kupokea simu ya mathe. Jumapili nilikuwa naingia kanisa fulani la mabati karibu na steji. Sikuwa mtakatifu. Ni vile tu hapo ndipo mahali pekee mtaani ningeketi masaa matatu bila kuulizwa kitambulisho wala pesa.

Siku ya kwanza waliambia wageni wasimame, nikapigiwa makofi ya kilo. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Jumapili sita zilizofuata hakuna aliyeniuliza chochote. Ya nane sikuenda, na hakuna aliyegundua.

Usinielewe vibaya, hawakuwa watu wabaya. Kila Ijumaa walikesha wakiomba kanisa likue. Walinunua spika mpya, wakabandika mabango kwenye nguzo za stima. Mimi hapo nyuma nilikuwa jibu la maombi yao, lakini nilitoka kwa mlango uleule nilioingilia.

Najua utasema hiyo ni kazi ya pasta. Haya, tupige hesabu. Kanisa lenu lina nyumba 200. Pasta akitembelea nyumba moja kila siku, siku sita kwa wiki, atamaliza baada ya wiki 33 na ushee. Hiyo ni miezi saba na zaidi, na hajazika mtu, hajafungisha ndoa, hajaandaa mahubiri. Sasa kila nyumba ikitembelea nyumba moja tu, kazi yote inaisha wikendi moja. Hesabu hiyo haihitaji digrii, na ndiyo maana hata mimi naiweza.

Hata kwenye Injili, Andrea hatusimuliwi akihubiria umati. Alimtafuta ndugu yake Simoni, akamleta kwa Yesu. Basi. Huyo Simoni ndiye baadaye akawa Petro. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu wetu, kupitia AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kuwa jumuiya ndogo ndogo ziwe jambo la kwanza katika kazi yao. Walijua parokia ikishakuwa na watu maelfu, mtu mmoja anaweza kuugua mwezi mzima pasipo mwingine kujua. Kwa jumuiya mnaketi sebuleni kwa mtu. Kiti kikiwa kitupu, kinaonekana.

Unakumbuka 2020? Makanisa yalifungwa mwezi Machi, na yaliporuhusiwa kufunguka Julai ilikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliozidi 58. Wakati huo spika na jukwaa havikumsaidia mtu. Jiulize ni nani kutoka kanisani alikupigia simu kuuliza kama umekula. Halafu jiulize wewe ulimpigia nani.

Na tunaposema kanisa likue, tusimaanishe kuiba washirika wa kanisa la jirani kwa sababu kwaya yetu ni moto. Sensa ya 2019 ilionyesha Wakenya zaidi ya asilimia 85 walijitaja kuwa Wakristo. Watu wapo. Wengi wao ni rika letu, na Jumapili asubuhi wamelala ama wako kwa kinyozi. Wengine waliondoka na maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia.

Moja ya maswali hayo ni pesa. Mwaka 2024 vijana walisema wazi kwamba wamechoka kuona wanasiasa wakipanda madhabahuni na mabunda. Novemba mwaka huohuo, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa pesa ambazo Rais alitoa kwa kanisa la Soweto, akaagiza zirudishwe. Wengi tulipiga makofi. Lakini makofi hayaezeki paa. Kama hatutaki mheshimiwa atununulie mabati, lazima sisi wenyewe tuchange, hata kama ni shilingi hamsini. Na wanaoshika pesa nao wasome hesabu mbele ya washirika wote: kimeingia nini, kimetoka nini. Kijana akiona hesabu iko wazi, hutamlazimisha kutoa.

Swali lingine ni usalama. Baada ya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, mzazi akisikia mtoto wake amepata kanisa jipya anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Kwa hivyo ukimwalika rafiki, mwache aulize. Mwache alete ndugu yake. Akiamua kutorudi, msalimie mkikutana kwa steji kama kawaida. Kanisa linalokasirikia maswali hata likijaa halijakua.

Sasa nikumalizie hadithi yangu. Miezi kadhaa baadaye rafiki alinivuta kanisa lingine. Kulikuwa na shosho mmoja mlangoni, mfupi, kitambaa cheupe kichwani. Akaniuliza jina, nikamwambia. Jumapili iliyofuata akaniita kwa jina hilo kabla sijafika mlangoni. Baada ya ibada akaniuliza, "Kijana wangu, unaishi na nani?" Nikasema peke yangu. Hakunihubiria. Alinipa chapati mbili zimefungwa kwa gazeti na kusema kesho yake mjukuu wake anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba viti vya arusi, kuna mia tano. Nimekaa hapo tangu siku hiyo. Nimeshaleta watu wanne, na wawili bado wapo.

Shosho huyo hana cheo chochote, hajui hata kushika maikrofoni. Ukiniuliza ni nani amekuza kanisa letu, nitakuonyesha yeye kwanza, halafu pasta.

Kwa hivyo Jumapili hii usianze na makubwa. Fika dakika kumi mapema. Usiketi na genge lako. Tafuta sura usiyoijua, uliza jina, na ulikumbuke. Akikubali kukupa namba, mtumie ujumbe Jumatano, na usimwitishe chochote. Kama unajua kompyuta, msaidie mwenye anatafuta kazi kuandika barua yake. Kama una sauti, ingia kwaya. Kama huna kipaji unachokijua, osha vikombe vya chai, maana ukiosha vikombe na mtu ndipo anakwambia yale hawezi kumwambia pasta.

Na kama wewe ndiye unayeketi safu ya nyuma ukisubiri mtu akuulize jina, nakuomba kitu kimoja. Usiondoke kama nilivyoondoka. Geukia wa kando yako umuulize lake. Inawezekana naye anangoja.