Radi Haitumwi na Jirani

Katika mji wa Lubumbashi mvua huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, ikakoma karibu na Aprili. Kabla ya mvua jua ni kali sana. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, na huko hupoa; mvuke hugeuka matone, na matone mengi pamoja ni wingu. Ndani ya wingu kubwa chembe za barafu hugongana, zikazaa umeme. Umeme ukipita, hewa hupata moto mkali na kutanuka ghafula: hiyo ndiyo ngurumo.

Lakini radi ikipiga nyumba, watu wengine humnyoshea kidole bibi mzee jirani, wakisema, “Ndiye aliyeituma.” Pengine hufukuzwa kwake. Hilo ni kosa kubwa. Radi hupiga mara nyingi kitu kirefu, kama mwembe uliosimama peke yake. Nayo Amri ya Nane yakataza kumsingizia mtu.

Basi, mtoto mwenye akili asitafute mchawi, atazame mawingu. Akiona umeme, ahesabu: kila sekunde 3 ni kama kilometa 1. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, aingie nyumbani upesi, asijifiche chini ya mti. Tena asinyamaze mzee akitukanwa bure.