SEHEMU YA 7: "Bado mdogo, haelewi kitu." Jamani, tuache huo msemo



Hebu jaribu kitu. Mtoto wako wa miezi 7 au 8, mchezee kila siku: "Nakuja, nakuja, nakuja... nimekukamata!" Siku si nyingi utaona anacheka kabla hujamgusa. Ameshajua kinachofuata.

Ubongo haungoji sauti zote zifike, unakisia. Hata wewe ukisikia "hodi", "karibu" imeshakuja kichwani. Mtoto naye ndivyo anavyojifunza lugha: anazoea sauti ipi hufuata ipi.

Mwaka 1996 huko Marekani, Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 maneno ya kubuni, yameunganishwa bila kituo, kwa dakika 2 tu. Baada ya hapo watoto walitofautisha silabi zinazofuatana kila mara na zile zilizokutana kwa bahati. Dakika 2, mama!

Utasema, "Basi nimwashie katuni, si zinaongea?" Hapana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi 9, wakichezewa na kusomewa na mtu anayeongea Kichina, walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Wenzao waliowekewa video, au sauti tupu, hawakujifunza.

Kwa hiyo mimi nasema wazi: TV kutwa nzima sio mlezi, ni kelele. Izime. Ongea naye ukimwogesha, ukimbadilisha nepi, ukipepeta mchele. Rudia maneno yaleyale, halafu nyamaza kidogo umpe zamu yake. Bibi akiongea naye kilugha, mwacheni, ni faida.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kama mtoto hashtuki kwa kishindo, au amefika miezi 7 na hageuki ukimwita kwa nyuma, usikubali kuambiwa "atachangamka tu, hata baba yake alichelewa." Mpeleke kliniki, omba apimwe masikio. Ubongo hauwezi kukisia sauti ambayo haujawahi kuisikia, na kila mwezi unaopita bila kusikia ni mwezi wa lugha uliopotea.

Sehemu ya 8: masikio yanayotoa usaha. Mwambie na jirani yako mwenye kichanga.