Mtoto si Laana, Mama si Mkosaji



Hapa Buhare mama akijifungua pacha twampigia vigelegele, na majina ya Kulwa na Doto, tuliyoyapokea kwa jirani zetu Wasukuma, tunayo tayari. Lakini akizaliwa mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, nyumba hunyamaza. Minong'ono huanza: mama amevunja mwiko gani? Nani amemroga? Mtoto hufichwa chumbani, na pengine baba huondoka. Twasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma.

Tuwakumbuke Maria na Consolata Mwakikuti, pacha waliozaliwa Makete mwaka 1996 wakiwa wameungana miili. Pacha wa namna hiyo hutokea yai moja linapoanza kugawanyika lisikamilishe. Hapo hapana mchawi wala kosa la mzazi. Walilelewa na watawa, wakapelekwa shule, na mwaka 2017 wakaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, Iringa, wakitaka kuwa walimu. Walipofariki Juni 2018, wakiwa na miaka 21, taifa liliwalilia. Je, nani angewajua kama wangefichwa?

Mgongo wazi nao si laana. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vitamini iitwayo asidi ya foliki, ikitumiwa kila siku kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya mwanzo, huzuia sehemu kubwa ya kasoro hizo. Lakini mama wengi hufika kliniki miezi hiyo imekwisha kupita.

Mwaka 2011 serikali iliagiza viwanda vitie vitamini hiyo katika unga wa ngano. Ni agizo jema. Hata hivyo, mnyonge hali mkate kila siku. Hula ugali wa mahindi au udaga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani, usiotiwa kitu. Hivyo kinga humfikia kwanza mwenye fedha. Hapo ndipo suala la afya linapokuwa suala la haki.

Kwa hiyo twadai vidonge hivyo vipatikane zahanati hata kwa wanawake ambao bado hawajashika mimba. Mama mwenye mimba ya pacha aanze kliniki mapema na ajifungulie hospitali, maana watoto wake wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati na ya kuwa na kasoro. Mtoto mwenye kichwa maji asikose upasuaji Bugando, Mwanza, kwa sababu ya nauli. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa haki ya elimu na matibabu, isibaki kabatini.

Tukikutana katika jumuiya zetu tujiulize: ni mlango upi tunaoupita kila siku, tukijua kwamba nyuma yake yuko mtoto aliyefichwa?