Asali na mshubiri kidondani: Mfugaji analipia nini?

Ng'ombe aliyechanwa na seng'enge au punda aliyechubuliwa na nira ni hasara kwa mwenye mali. Maziwa hupungua, mkokoteni husimama, na ngozi yenye kovu hushushwa daraja kiwandani. Dawa nyingi za kupuliza vidonda zina antibayotiki, na Septemba 2024 viongozi wa dunia walikubaliana katika Umoja wa Mataifa kupunguza dawa za aina hiyo katika kilimo na ufugaji ifikapo 2030. Ndipo mchanganyiko wa asali na ute wa mshubiri unapopata nafasi, hasa Tanzania, ambayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali barani Afrika.

Asali si ya kubeza. Sukari yake hunyonya majimaji ya kidonda, uchachu wake huzuia bakteria, na kimeng'enya chake hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Marekani iliruhusu asali ya tiba kwa vidonda vya binadamu mwaka 2007.

Tatizo liko kwenye majaribio. Mchanganyiko ukilinganishwa na kidonda kilichoachwa bila dawa, kisha ukashinda, bado haijulikani kama mshubiri ulifanya kazi yoyote au asali ilitosha. Jaribio la maana lina makundi manne: asali peke yake, mshubiri peke yake, vyote viwili, na kidonda kinachosafishwa kwa maji ya chumvi tu. Kundi hilo la mwisho ndilo muuzaji wa dawa hulikwepa, kwa kuwa maji ya chumvi karibu ni bure.

Mnyama wa majaribio naye ana lake. Kidonda cha panya hufungika zaidi kwa ngozi kujivuta. Farasi ni tofauti: jeraha la mguuni hupona polepole kuliko la kiwiliwili, na mara nyingi huota nyama ya ziada. Matokeo ya panya hayatoshi kumpangia punda dawa.

Halafu kuna gharama. Asali ya tiba huuawa vijidudu kwa mionzi, jambo ambalo asali ya sokoni haijafanyiwa. Ng'ombe huilamba, hivyo kidonda kinahitaji bendeji, na bendeji inahitaji mtu wa kuibadilisha. Jaribio linalohesabu siku za kupona bila kuhesabu kazi hiyo halimsaidii mchungaji mwenye ng'ombe themanini malishoni.