DAWA IKIRUDISHWA, SISI TUNASOMA NINI?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu akueleze tofauti kati ya kampuni ya umma na kampuni ya kibinafsi. Atakumiminia hoja kama maji ya mfereji. Sasa mwulize wakurugenzi wafanye nini siku wanayopigiwa simu kuambiwa kuwa dawa yao imeua watu. Hapo atakuna kichwa, na si kosa lake. Hatufundishwi.

Maoni yangu ni kwamba somo la Biashara lina pengo, na pengo hilo lingezibwa vizuri na visa vya dawa zilizorudishwa kutoka madukani. Kwa nini dawa na si viatu? Kiatu kibovu utakiona kikiachama. Kidonge huwezi kukichungulia ndani. Unameza kwa kumwamini mtu usiyemjua.

Chukua kisa cha Tylenol, dawa ya maumivu iliyokuwa ya kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani. Mwaka wa 1982 watu 7 walifariki katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sumu ya sayanidi. Wapelelezi waliamini kuwa sumu ilitiwa dawa ikiwa tayari imetoka kiwandani, na hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Hata hivyo mwenyekiti, James Burke, na wenzake walirudisha chupa kama milioni 31 kutoka nchi nzima. Hasara ikapita dola milioni 100. Dawa ilirejea na pakiti iliyofungwa mara tatu, na wanunuzi wakarejea pia.

Kisa hiki husifiwa mno. Mimi hakinitoshi. Kusema ukweli si kazi kubwa sana wakati mkosaji ni mtu mwingine! Chenye utamu ni kile cha McNeil, iliyokuwa kampuni tanzu ya Johnson & Johnson hao hao, na ndiyo iliyotengeneza Tylenol. Baada ya kugundulika kuwa baadhi ya vidonge vyake vya Motrin haviyeyuki inavyotakiwa, mwaka wa 2009 watu walilipwa waingie madukani, wajifanye wateja wa kawaida, wavinunue vyote, na wasitaje habari ya kurudisha dawa. Ati wateja! Siri ilifichuka, na mwaka wa 2010 wakubwa wakahojiwa na kamati ya Bunge la Marekani. Na ule mwongozo wao wa tangu 1943, unaotanguliza wagonjwa na akina mama na kuwaweka wenye hisa mwisho, haukuwa umefutwa.

Sasa hapo ndipo darasa lingechangamka. Ni nani alipaswa kuuliza, "Mbona tunainunua dawa yetu wenyewe?" Mhasibu aliyelipa? Mkurugenzi?

Wengine watasema maadili ni ya nyumbani, kanisani na msikitini, na tena KCSE haiulizi mambo ya Chicago. Sawa, nyumbani nilifunzwa nisiibe. Sikufunzwa jinsi watu wazima wenye heshima zao wanavyoketi mezani hadi wakakubaliana kunyamaza.

Wala si mambo ya mbali. Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya iliamuru bechi moja ya dawa ya maji ya kikohozi cha watoto, Benylin Paediatric, irudishwe. Wakaguzi wa Nigeria walikuwa wamesema ina dayethilini glaikoli nyingi, kemikali inayoharibu figo. Ilitengenezwa Afrika Kusini na Johnson & Johnson, lakini kufikia hapo ilikuwa mali ya Kenvue, kampuni iliyotengwa nao mwaka wa 2023. Kenvue ilisema vipimo vyake havikuona sumu hiyo. Je, wa kujibu ni nani, aliyeitengeneza au anayeimiliki? Na mama aliyeinunua mwaka uliotangulia, chupa iko juu ya kabati na lebo imebanduka, ataijuaje nambari ya bechi?

Ningewaomba walimu wetu wa Biashara watupe vipindi viwili tu muhula ujao. Darasa ligawanywe: hawa wakurugenzi, hawa wenye hisa, hawa wenye maduka ya dawa, na mmoja awe yule mama mwenye chupa. Mimi nimeshajiandikisha kwa wenye hisa. Hao ndio watakaobanwa zaidi, na nataka kuona nitajitetea vipi.