Tuseme «pengo», tusiseme «shimo»

Katika kitivo chetu cha lugha tumezoea kudhani kwamba kemia haituhusu. Ni kazi ya wenzetu wa sayansi, nayo husemwa kwa Kifaransa. Mimi nasema inatuhusu, na nitachukua neno moja tu kulionyesha hilo: lile ambalo Wafaransa hulitaja kama «trou», yaani mahali ndani ya atomu ambapo elektroni ingeweza kukaa lakini haipo. Mfasiri mwenye haraka ataandika «shimo» na kuendelea na safari yake. Hapo atakuwa amempoteza msomaji, na kosa hilo litakuwa la mtu wa lugha, si la mwanakemia.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Elektroni za atomu hukaa katika maganda, na kila ganda lina nafasi zilizohesabiwa. Kanuni ya Pauli ya mwaka 1925 inasema nafasi moja haipokei elektroni mbili. Ganda dogo linaloitwa d lina nafasi 10. Sasa tazama malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa na kuuzwa hapa Lubumbashi. Ioni ya shaba iliyomo ndani yake ina elektroni 9 katika ganda hilo la d. Mwanakemia angeweza kuzihesabu zote 9, kila moja ikisukumana na nyingine 8. Hafanyi hivyo. Anasema: hapa pana upungufu wa elektroni moja, basi nitauhesabu upungufu huo kana kwamba wenyewe ni elektroni moja.

Mwaka 1931 Werner Heisenberg alionyesha kwamba njia hii ina msingi imara. Kupanga elektroni 9 katika nafasi 10 kuna njia 10. Kupanga elektroni 1 katika nafasi 10 kuna njia 10 vilevile. Ioni ya kawaida ya kobalti ina elektroni 7 katika d, maana yake imepungukiwa na 3: njia ni 120 kwa hesabu ya zilizopo, na ni 120 kwa hesabu ya zisizokuwapo. Aina za hali ambazo atomu inaweza kuwa nazo zinalingana pande zote mbili.

Asiye na mazoea ya sayansi atauliza: kisichokuwapo kitahesabiwaje? Lakini sisi wa Kiswahili tunakihesabu kila siku. Ikibaki dakika tano kufika saa tatu, hatusemi «saa mbili na dakika hamsini na tano». Tunasema «saa tatu kasoro dakika tano». Tunaichukua saa iliyojaa, kisha tunataja kilichopungua. Mwanakemia anafanya hivyo hivyo: anachukua ganda lililojaa, halafu anataja kasoro yake.

Tena walimu wetu wa mofolojia wametufundisha jambo lile lile kwa jina la mofimu kapa. Katika «tunda» na «matunda», umoja hauna kiambishi kinachosikika, ila tunasema upo, kwa sababu ukimya wake unapingana na «ma-» ya wingi. Linganisha pia «hatasafiri», «hakusafiri» na «hasafiri» za Kiswahili bora. Katika neno la tatu, nafasi ya njeo iko wazi, na uwazi huo ndio unaotuambia kwamba ni wakati uliopo. Mwanafunzi anayekubali mofimu kapa hana sababu ya kukataa hesabu ya mwanakemia.

Hata hivyo kulingana si kuwa kitu kimoja, na hapa ndipo uzito wa neno unapoonekana. Rudi kwenye saa. Ukisema «saa mbili na dakika tano», muda ukipita, namba inaongezeka: tano, sita, saba. Ukisema «kasoro dakika tano», muda ukipita, namba inapungua: tano, nne, tatu. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinakwenda kinyume. Ndivyo ilivyo katika atomu. Kaboni ina elektroni 2 katika ganda dogo la p, ambalo lina nafasi 6. Oksijeni ina 4, yaani imepungukiwa na 2. Hali yao ya chini kabisa imegawanyika katika viwango vitatu vya nishati vya aina zile zile, ila kile kilicho chini katika kaboni kiko juu katika oksijeni. Anayesahau kugeuza mpangilio atapata jibu lililopinduka.

Chukua pia mstari wa mabidoni kwenye robine. Mtu wa katikati akiondoa bidoni lake, la nyuma linasogezwa mbele, kisha la nyuma yake, kisha la nyuma yake tena. Unaweza kusema mabidoni ishirini yamesogea mbele hatua moja moja. Unaweza pia kusema uwazi mmoja umerudi nyuma hatua ishirini. Usemi wa pili ni mfupi, na mwelekeo wake umegeuka. Katika nusu-kipitishi, uwazi unaotembea hivi huonekana kama chembe yenye chaji chanya. Gerimani imo katika mawe ya Kipushi na katika ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru mjini mwetu. Ndiyo iliyotumiwa na John Bardeen na Walter Brattain walipotengeneza transista ya kwanza, Desemba 1947, kule Marekani. Kilichofanya kazi ndani ya kipande kile cha gerimani ni uwazi unaotembea.

Basi tuuite jina gani? «Shimo» halifai, hasa kwetu Katanga, ambako neno hilo linaleta mbele ya macho mgodi wenye kina na udongo uliotolewa. Shimo huchimbwa popote, halihitaji safu iliyojaa. «Tundu» ni uwazi unaopenya ukutani au katika nguo. «Nafasi» ipo hata pale ilipokaliwa, kwa hiyo haituonyeshi upungufu. «Kasoro» ingekaribia, lakini ina harufu ya ubovu, na ganda lenye elektroni 9 halijaharibika.

Napendekeza «pengo». Pengo lipo tu pale ambapo safu ingekuwa kamili: jino likitoka, pengo linaonekana kwa sababu ya meno yaliyobaki. Watu hulitumia hata msibani, wakisema marehemu ameacha pengo, na kila mtu anaelewa kwamba kutokuwapo kwake kutafanya kazi nyumbani humo. Neno lenyewe, «pengo», «mapengo», linabeba kiambishi kapa katika umoja wake.

Najua nitajibiwa kwamba «trou» inatosha, maana mitihani ni ya Kifaransa. Lakini Kifaransa chenyewe kilichukua neno la barabarani na kulipa kazi maabarani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006. Kikiachwa nje ya maabara, hakuna aliyekikataza, ni sisi tuliokaa kimya. Na mfano uko chini ya miguu yetu. Mawe ya Kipushi yana shaba na zinki. Ioni ya zinki ina elektroni 10 katika d, ganda limejaa, na salfeti yake ni nyeupe. Ioni ya shaba ina pengo moja, na salfeti yake yenye maji ni ya buluu. Mtoto wa Kipushi anaweza kuelezwa kwa maneno yake kwamba rangi anayoiona inatokana na pengo.

Kwa hiyo naomba kitivo chetu na wenzetu wa sayansi wakae meza moja, waanze na maneno ishirini ya kemia ya shaba na kobalti, kila neno lipimwe kama tulivyopima hili. Asiyekubali «pengo» na alete lake, pamoja na sababu zake, katika toleo lijalo.