Fomu Moja, Milango Sita

Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri huko Marekani, ndiko mtumwa Dred Scott alikofungua kesi mwaka 1846 kudai uhuru wake, na mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikamjibu ya kwamba mtu mweusi wa kizazi cha watumwa hawezi kuwa raia. Katika mji huo huo, mwaka 1966, Profesa Sterling Schoen wa Chuo Kikuu cha Washington alianzisha muungano wa vyuo uitwao Consortium for Graduate Study in Management, ili kuwafungulia vijana weusi njia ya kuingia vyuo vya uongozi wa biashara. Twaanza na habari hizi kwa kuwa siku hizi wako wasemao ya kwamba Muungano huo umeleta ubaguzi wa rangi katika elimu, kana kwamba rangi ilikuwa haijapata kuhesabiwa Marekani mpaka Schoen alipoitaja.

Vyuo vya kwanza vilikuwa vitatu: Washington, Indiana na Wisconsin. Mwaka 1967 wakaingia wanafunzi wa kwanza, wanaume weusi 21. Sheria ya Haki za Raia ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1964, na kampuni hazikuwa tena na ruhusa ya kumfukuza mtu mlangoni kwa sababu ya ngozi yake. Lakini mlinzi wa mlango aliondoka na cheti kikabaki. Palitakiwa shahada, shahada ilitaka karo, na karo ilitaka mzazi ambaye naye hakuwa amezuiwa kupata kazi ya maana maisha yake yote.

Msomaji huenda akauliza, Muungano huu hufanya kazi namna gani? Kwa kawaida kijana atakaye kusomea uongozi wa biashara huko huomba kila chuo peke yake. Kila chuo kina ada yake ya maombi, maswali yake ya insha, na barua zake za wadhamini. Mtoto wa mwenye hisa haoni taabu. Baba humlipia mtu wa kumsahihishia insha, na rafiki wa baba aliyesoma pale pale humwambia ni nini wakubwa wa chuo hupenda kusikia. Kijana atokaye katika nyumba ambamo hakuna aliyewahi kuvuka lango la chuo kikuu hana wa kumwuliza, naye huchagua chuo kimoja au viwili, si kwa kuwa ndivyo vinavyomfaa, bali kwa kuwa hapo ndipo mfuko wake ulipokoma.

Muungano ukaleta fomu moja. Mwombaji huijaza mara moja, akataja vyuo hata sita kwa utaratibu wa apendavyo, na ada yake ni ndogo kuliko jumla ya ambayo angelipa kwa kila chuo. Bora wao hupewa ufadhili wa karo yote, na hilo si jambo dogo, maana katika vyuo vingi vya watu binafsi huko karo ya miaka miwili imepita dola 100,000 kabla mtu hajala wala hajalala. Wapinzani hupenda kulipita kando jambo moja: Muungano haumwingizi mtu chuoni. Kila chuo husoma maombi kwa macho yake na huamua chenyewe. Aliyeshindwa mtihani ameshindwa.

Kisha, kabla masomo hayajaanza, wanafunzi wapya hukusanywa mwezi Juni wakakutana na kampuni kubwa, ambazo huwahoji kwa ajili ya kazi za likizo na baadaye ajira. Hapa hatuna budi kusema wazi. Bepari hatoi fedha kwa mapenzi. Kampuni hizi zilikuwa tayari kuchangia kwa kuwa zilitaka kuchota kwanza, kabla ya wengine kufika kisimani. Tena mfanyakazi ana haki ya kuuliza: meneja mweusi akipunguza watu kiwandani, je, njaa yao itakuwa nyepesi? Haitakuwa. Wala hatudai ya kwamba shahada hizi zitamwondolea kabwela wa Detroit unyonyaji. Twadai dogo zaidi: chumba kinapoamuliwa kiwanda kifungwe au kisifungwe, kisiwe chumba cha rangi moja. Mwaka 2023, kati ya kampuni 500 zenye mapato makubwa kabisa Marekani, wakuu weusi walikuwa wanane tu.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi za Harvard na North Carolina, iliamua ya kwamba vyuo visipime rangi ya mwombaji. Yafaa ijulikane ya kwamba Muungano ulikuwa umekwisha kujifungua miaka mingi kabla ya hapo. Wanawake waliingia, na Wamarekani wa asili, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwishowe raia yeyote au mkazi wa kudumu, wa rangi yoyote, mradi aonyeshe kwa vitendo ni nini amefanya ili walioachwa nyuma wapate nafasi. Mwana wa mchimba makaa mzungu wa milima ya Appalachia naye hakufungiwa. Wapinzani humtaja sana kijana huyo katika hotuba zao, lakini hatujasikia wamlipie ada ya fomu. Tena uamuzi huo huo haukugusa desturi ya vyuo vingi ya kuwapendelea watoto wa waliosoma hapo zamani. Upendeleo wa kurithi ukaachwa ukae kitini.

Mwaka 2025 hofu ikazidi. Januari Rais Trump alitoa amri dhidi ya mipango ya namna hii, na Machi Wizara ya Elimu ikatangaza kuvichunguza vyuo vikuu 45 kwa ajili ya uhusiano wao na The PhD Project, shirika jingine linalowasaidia watu kupata udaktari wa masomo ya biashara. Vyuo kadhaa havikungoja hukumu, vilijitoa upesi.

Jambo hili lawahusu na watu wetu. Kijana atokaye Dar es Salaam kwa viza ya masomo hana njia katika fomu hii. Lakini mtoto wa muuguzi wa Tanga aliyepata ukazi wa kudumu huko anayo, na ataulizwa matendo yake.

Kampuni zikiogopa, hilo twalitazamia. Zilikuja kwa hesabu na zitaondoka kwa hesabu. Vyuo ndivyo tunavyovilaumu. Yale, ambacho kimepata kuwa mwanachama wa Muungano, kilikuwa mwaka 2024 na akiba ipitayo dola bilioni 40. Chuo cha namna hiyo hakiwezi kusema ya kwamba gharama ya fomu moja imekishinda, na kama sababu ni barua ya wizara, basi kiijibu barua hiyo mahakamani.